Mastaa na Juisi za "Siku Saba": Bakteria Hawasomi Lebo

Mjini siku hizi staa asiye na chupa yake ya juisi anaonekana hajajipanga. Zamani ilikuwa pafyumu, zikaja nywele, zikaja taulo za kike zenye sura yake. Sasa hivi ni chakula. Juisi ya kusafisha mwili, smuthi ya kukata tumbo, vibakuli vya msosi wa wiki nzima, pilipili ya kukaanga, kitunguu swaumu kilichosagwa na kulazwa kwenye mafuta. Picha kali, chupa kali, kucha kali zimeishika chupa. Na pale chini ya lebo, kwa maandishi ya dhahabu: "Asilia 100%. Haina kemikali. Inakaa siku 7."

Hiyo saba imetoka wapi?

Mwanadada mmoja wa Bongo Movie aliulizwa swali hilo hilo na mteja wake, tena kwa adabu zote, "dada samahani, hizo siku saba mlipimaje?" Jibu likaja: "Mpenzi, mimi naiacha hata siku kumi na sijawahi kuumwa." Laiki zikamiminika. Mwimbaji mwingine, huyu anapenda sana kujiita bosi, alilalamikiwa kwamba juisi imetoa povu na kifuniko kimeruka chenyewe mezani. Akajibu kuwa hao ni bakteria wazuri wa tumboni, mteja ashukuru. Mashabiki wakacheka, aliyeuliza akaitwa mchawi, biashara ikasonga.

Sasa tatizo ni hili. Idadi ya siku kwenye lebo siyo mapambo, na siyo suala la staa anajisikiaje asubuhi. Ni jibu la hesabu. Kuna watu wazima wamekaa maabara miaka na miaka ili mtu aweze kusema chakula fulani, kwenye joto fulani, kitabaki salama kwa muda fulani. Anayeandika "siku 7" bila kupiga hesabu hiyo wala kuipima hana tofauti na anayeandika namba ya kubahatisha kwenye mkeka. Tofauti ni kwamba mkeka ukichanika, hakuna anayelazwa.

Hesabu yenyewe haitishi. Bakteria mmoja akipata chakula, maji na joto analolipenda, anajigawa wanakuwa wawili. Wapo wanaofanya hivyo kila dakika 20. Kwa saa moja wamejigawa mara 3. Kwa saa 4 ni mara 12, maana yake mmoja amekuwa 4,096. Kwa saa 7 mmoja amekuwa zaidi ya milioni 2. Na hapo juisi inaweza kuwa haijanuka, haijabadilika rangi, na kwenye kamera bado inapendeza vilevile. Watu wengi wanadhani pua itawaokoa. Wale wanaonukisha chakula ni ukoo mmoja, wanaomlaza mtu wodini mara nyingi ni ukoo mwingine, na hawa wa pili hawapigi hodi.

Kinachowafunga breki ni baridi, uchachu, chumvi au sukari nyingi, ukavu, na kwa baadhi yao hewa. Mwaka 1982 David Ratkowsky na wenzake waliokuwa Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia, walichapisha kanuni fupi kuliko kiitikio cha singeli. Chukua kasi ya kukua kwa bakteria, tafuta kipeuo chake cha pili, utaona kinapanda kwa mstari ulionyooka kadiri joto linavyopanda juu ya kile kiwango ambacho bakteria huyo hawezi kukua kabisa. Basi. Joto likizidi sana mstari unapinda, na mwaka uliofuata wakaiongezea kanuni ili ifike mpaka huko.

Ipeleke kanuni hiyo Dar uone inavyouma. Chukua, kwa mfano, bakteria ambaye kiwango chake cha chini ni nyuzi 4. Friji la nyumbani linalofunguliwa kila dakika, umeme nao unakuja na kuondoka, liko nyuzi 10. Kumi toa nne ni 6, na 6 mara 6 ni 36. Nje kwenye jua la mchana tuite nyuzi 30. Thelathini toa nne ni 26, na 26 mara 26 ni 676. Gawanya 676 kwa 36. Bakteria yule yule, kwenye juisi ile ile, anakua karibu mara 19 zaidi nje kuliko kwenye friji.

Kwa lugha ya bodaboda: saa moja na robo kwenye boksi lisilo na barafu ni sawa na siku nzima ndani ya friji hilo. Boda anatoka Mbezi Beach na chupa 20, anashusha Mikocheni, anashusha Sinza, anakula chipsi Magomeni, anafika Mbagala saa tatu baadaye. Siku mbili na zaidi zimeshaliwa, na mteja ndiyo kwanza anafungua mlango. Halafu wapo wanaotuma mikoani kwa basi. Dar mpaka Mbeya weka saa 12 tu, kwa mwendo wa heri. Juisi ya siku saba imefia maeneo ya Iringa. Inayoshushwa stendi ni marehemu mwenye lebo nzuri.

Atakayesema "lakini chupa zinatoka zimegandishwa", sawa. Barafu inanunua muda, hilo halina ubishi. Haiui bakteria wengi, inawalaza tu, lakini inanunua muda. Muda kiasi gani? Chupa inabaki chini ya nyuzi 5 kwa saa ngapi ndani ya boksi hilo, kwenye jua hilo? Hapo ndipo kimya kinapoanza. Kipimajoto cha jikoni ni bei ya kupaka rangi kucha mara moja, na bado brandi yenye droni, mpiga picha wa video na MC wa uzinduzi haina kipimajoto.

Na hakuna kisingizio kwamba ujuzi huu umefungiwa kwenye kabati la wazungu. Kuna hifadhidata inaitwa ComBase, ilizinduliwa mwaka 2003 kwa ushirikiano wa taasisi za Uingereza na Marekani, na Chuo Kikuu cha Tasmania kikaungana nao baadaye. Ndani yake kuna makumi ya maelfu ya rekodi za bakteria walivyokua au walivyokufa kwenye vyakula mbalimbali. Ni bure, ipo kwenye intaneti. Unachagua bakteria, unaingiza joto, uchachu na kiasi cha chumvi au unyevu, inakuchorea mstari wa ukuaji saa kwa saa. Bando lile lile linalotumika kumtukana mteja lingetosha. Programu kama hiyo haiwezi kuchukua nafasi ya vipimo vya maabara, wala walioitengeneza hawajawahi kudai hivyo, lakini ingemwonyesha staa wetu kwa dakika tano kwamba saba yake ni ndoto.

Tuje kwenye hilo neno tamu, "asilia". Hapa ndipo mastaa wanapowapoteza watu kabisa, kwa sababu wamewafundisha mashabiki kwamba hatari iko kwenye "kemikali" na usalama uko kwenye matunda. Uchachu unapimwa kwa kipimo kinachoitwa pH, namba ikiwa ndogo uchachu ni mkali. Ndimu iko kwenye 2 na kitu. Ukwaju uko jirani yake, ndiyo maana juisi ya ukwaju ni ngumu kuvamiwa. Lakini papai lililoiva, tikiti, tango na bitiruti ziko kwenye 5 na kuendelea, parachichi na karoti ziko kwenye 6. Mpaka unaojulikana ni 4.6. Chini ya hapo yule bakteria mwenye jina refu, Clostridium botulinum, hawezi kukua na kutoa sumu. Juu ya hapo, akikosa hewa na kupata joto, anaweza. Sumu yake inashika mishipa ya fahamu: kope zinashuka, mtu anaona vitu viwili viwili, anashindwa kumeza, mwishowe kupumua kunagoma.

Siyo hadithi ya kutisha watoto. Septemba 2006, jimbo la Georgia, Marekani, watu watatu walipooza baada ya kunywa juisi ya karoti ya dukani. Akafuata mmoja Florida, wakafuata wawili Toronto, Kanada. Na ile ilikuwa juisi ya kiwandani, imepashwa moto kwa utaratibu, siyo ya kusaga kwenye blenda sebuleni huku muziki unalia. Haikuwa na kihifadhi wala haikuongezewa uchachu. Ilipokosa baridi, mbegu za bakteria huyo, ambazo moto wa kawaida wa juisi hauziui, ziliamka. Baada ya hapo mamlaka ya chakula ya Marekani ikawaambia watengenezaji wa juisi zisizo chachu kwamba friji peke yake haitoshi, waweke na kinga ya pili. Yaani kiwanda kizima kiliambiwa friji haitoshi. Dada wa mjini yeye anasema inatosha, na hata friji lenyewe liko kwa mteja, siyo kwake.

Kitunguu swaumu kwenye mafuta ndiyo balaa zaidi, maana mafuta yanafukuza hewa na hicho ndicho anachokitaka. Vancouver, Kanada, 1985: watu 36 waliugua botulizimu baada ya kula mgahawani, chanzo kikiwa kitunguu swaumu kilichokatwa, kikawekwa kwenye mafuta na kukaa nje ya friji. Wengi wao walianza kutibiwa kwa magonjwa mengine kabisa kabla chanzo hakijajulikana. Bidhaa hiyo hiyo leo inauzwa mjini kwenye vichupa vya ribani, zawadi ya harusi, na maelezo yanasema "hifadhi sehemu kavu".

Na juisi chachu nazo zisijione zimepona. Uchachu unazuia kukua, hauhakikishi kuua. Oktoba 1996 juisi ya tufaha isiyopashwa moto ya kampuni moja ya California, iliyojijengea jina kwa huo huo uasilia, ilibeba E. coli aina ya O157. Zaidi ya watu 60 waliugua na mtoto wa miezi 16 akafariki. Mwaka 1998 kampuni ilitozwa faini ya dola milioni 1.5. Mwaka 2001 Marekani ikatoa kanuni kwamba viwanda vya juisi lazima vipunguze vijidudu hatari mara 100,000 kabla chupa haijatoka. Mara laki moja! Huku kwetu "tumeosha matunda vizuri" inahesabika kama maabara.

Kuhusu vihifadhi vyenyewe, kichekesho ni kwamba hata mastaa wangevitumia wangevitumia vibaya. Sodiamu benzoeti inafanya kazi vizuri kwenye vitu vichachu. Ukiiweka kwenye juisi ya karoti bila kuongeza ndimu au tindikali nyingine, umepoteza hela. Kwa hiyo kujisifu "haina kihifadhi" kwenye kinywaji cha pH 6 ni sawa na dereva kujisifu gari lake halina breki.

Vibakuli vya wali na tambi vya "Jumatatu mpaka Ijumaa" vina stori yao. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake zinavumilia kuchemka. Wali ukiiva na kuachwa upoe taratibu kwenye sufuria kubwa, zinaamka, na aina fulani inatoa sumu ambayo haiharibiki kwa kupasha. Maikrowevu haiigusi. Mwaka 2008 huko Brussels, Ubelgiji, kijana wa miaka 20 alikula tambi zilizopikwa siku tano nyuma na kuachwa nje, akazipasha kabisa, na kesho yake hakuamka. Kisa chake kiliandikwa na madaktari mwaka 2011 na kikaja kutrendi TikTok miaka mingi baadaye. Cha ajabu, baadhi ya hao hao waliokiposti kwa emoji za kulia ndio wanaouza vibakuli vya siku tano. Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kiporo hata ndani ya friji kisizidi siku 3. Ijumaa ya kibakuli kilichopikwa Jumapili ni siku ya ngapi? Hesabu ya darasa la kwanza.

Hapo ndipo mama ntilie anapostahili kuombwa radhi na mji mzima. Anasemwa kwa vumbi, anasemwa kwa nzi, wageni wanaambiwa wasile kwake. Lakini angalia anachofanya. Anapika saa tano, wali unafuka, maharage yanachemka juu ya mkaa, mpaka saa nane sufuria inakwanguliwa. Chakula kilicho juu ya nyuzi 60 hakimpi bakteria nafasi ya kukua, na kinaliwa kabla hakijapoa. Hana lebo wala mpiga picha, ila ana kanuni mbili kati ya zile muhimu zaidi, joto na muda, na anazitekeleza kila siku bila kuzijua kwa majina. Maji yake ya kuoshea vyombo ni mjadala mwingine, haukatai mtu. Lakini kati ya wali wake na kibakuli cha elfu kumi na tano kilichozunguka na boda tangu asubuhi, anayejua vitu hivi atapanga foleni kwa mama.

Bibi wa pwani naye alikuwa mbele ya mastaa. Ng'onda hauozi kwa sababu chumvi na jua vimemnyang'anya bakteria maji. Achari ya ndimu inakaa miezi kwa chumvi na uchachu. Togwa inachachushwa na bakteria wanaotengeneza tindikali, na ilipochunguzwa kwa watoto wadogo Tanzania miaka ya 1990, waliolishwa uji uliochachushwa walionekana kuwa na vijidudu vichache vya kuharisha. Hapo kuna bakteria wazuri kweli, wa kazi maalumu, walioalikwa. Povu la juisi ya bosi halikualikwa na mtu.

Utetezi unaopendwa kuliko wote ni "mbona hajafa mtu". Kwanza, nani anahesabu? Mtu akiharisha Jumatano analaumu chipsi za Jumanne, hakumbuki juisi ya Jumatatu. Pili, kijana wa gym mwenye miaka 25 anaweza kubeba kipimo ambacho kitamwangusha mjamzito, mtoto mchanga, mzee au mtu anayetumia dawa zinazoshusha kinga. Na wajawazito ndio soko kubwa la hizi juisi za "kuongeza damu", zile nyekundu za bitiruti. Listeria ni bakteria anayeendelea kukua hata ndani ya friji, polepole lakini anakua, na anapenda hasa wajawazito na vichanga. Afrika Kusini, 2017 hadi 2018, alipita kwenye soseji aina ya poloni: wagonjwa zaidi ya 1,000, waliokufa zaidi ya 200, watoto wachanga wakiwa kundi lililoumia vibaya. Nchi yenye maabara, yenye viwanda vikubwa, yenye friji kila kona, na bado ilichukua miezi kumkamata.

Wengine watasema huku ni kuwabana wajasiriamali, kwamba maskini akianza kutoka watu wanaleta sheria. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ingetoka kwa muuza juisi wa Kariakoo. Inatoka kwa mtu anayeposti gari jipya. Kazi ya usalama wa chakula iko TBS tangu 2019, ilipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, na wadogo kabisa wana njia yao kupitia SIDO. Kina mama wanaotengeneza siagi ya karanga kwenye vikundi wanaipita njia hiyo, wanapeleka sampuli, wanarudishwa, wanarekebisha, wanapeleka tena. Wao hawana wafuasi milioni. Staa anayekwepa foleni hiyo anawaumiza hao kina mama sokoni kabla hata hajamuumiza mnywaji, kwa sababu yeye anauza jina na wao wanalipia vipimo.

Wanachotakiwa kufanya wala siyo sayansi ya kwenda mwezini. Pima pH ya kila ladha. Zilizo juu ya 4.6 ziongezewe ndimu mpaka zishuke, zipashwe moto ipasavyo, au ziuzwe za kunywa hapo hapo. Boksi la boda liwe na barafu na kipimajoto. Lebo iandike joto, siyo siku tu, kwa sababu "siku 7" bila "chini ya nyuzi 5" haina maana yoyote. Na kama vipimo vikisema siku 2, iandikwe 2, hata kama oda za mikoani zitakufa.

Wiki hii mwingine kazindua. Maziwa ya lozi, karibu pH 7, chupa ya kioo, kifuniko cha mbao, lebo inasema siku 10. Kwenye video ya uzinduzi chupa 40 zimepangwa juani kwenye ufukwe kwa ajili ya picha, kuanzia mchana mpaka jua linazama, halafu zikapakiwa na kupelekwa kwa wateja. Kuna binti aliuliza kwenye komenti zihifadhiwe nyuzi ngapi. Ameshablokiwa.